Kwa Nini Hatuchezeshi Jiwe, Karatasi, Mkasi kwa Mpigo Mmoja

Sisi huendesha mashindano ya jiwe, karatasi, mkasi mtandaoni, na wiki hii mteja mwingine ametuandikia kwamba amedhulumiwa. Alitoa jiwe, mpinzani wake akatoa karatasi (jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe), na anaamini mwenzake alisubiri aone kwanza. Lalamiko hili halituishi, basi leo wacha nilijibu kwa kirefu.

Kwenye mtoano wetu hakuna anayeona. Kila mchezaji anachagua, anafunga, na seva haifunui chochote mpaka wote wawili wawe wamefunga. Una sekunde 20. Ukishafunga hubadilishi, hata kama kidole kiliteleza. Ana kwa ana mikono hushuka pamoja na macho ndiyo mashahidi, lakini mtandaoni ujumbe wa mmoja lazima utangulie, na bila kufuli aliyetangulia ndiye anayeliwa. Mwaka 2005, Takashi Hashiyama, mkuu wa kampuni moja ya Japani, alipoziambia nyumba za mnada za Christie's na Sotheby's zimalizane kwa mchezo huu, mshindi auze michoro ya kampuni hiyo, kila upande uliandika chaguo lake kwenye karatasi. Christie's waliandika mkasi, wenzao karatasi. Fedha nyingi zilikuwa mezani, na utaratibu ulikuwa huohuo wa kufunga kabla ya kufunua.

Sasa njia ya mkato. Wateja wengi wakiona bei yetu husema: "Si watu watupe wote pamoja, wanaoshindwa watoke?" Ofisi moja ilijaribu na watu 20. Ili mtu atoke, lazima yaonekane maumbo mawili tu kati ya matatu. Yakitokea yote matatu ni sare, na wote wakitoa moja ni sare vilevile. Kwa watu watatu utapata jibu mara 2 katika kila 3. Kwa watu 10, kama mara 5 katika 100. Kwa watu 20, haifiki hata mara 1 katika 1,000! Walitupa karibu saa nzima bila mtu kutoka, kisha wakatupigia usiku uleule. Tuliwapangia, ila kazi ya dharura ina bei yake, na ikawatoka zaidi ya ile waliyoikimbia.

Ratiba ya wawiliwawili haikwami hivyo. Watu 20 ni mechi 19 kamili, raundi tano. Kwa kuwa 20 haigawanyiki sawasawa hadi fainali, tunajaza nafasi 32, na 12 wanapita raundi ya kwanza bila kucheza. Hao huchaguliwa kwa droo mbele ya wote. Tumewahi kuombwa "tumpitishe bosi". Tulikataa, na tutaendelea kukataa.

Mechi anaichukua anayetangulia kushinda mara mbili. Sare hairekodiwi, mnarudia, na theluthi moja ya mitupo huwa sare, kwa hiyo mechi moja hula wastani wa mitupo karibu minne. Muda huo mwamuzi wetu yupo, na seva tumeijaribu siku moja kabla. Hiyo ndiyo bei mnayoiona kubwa.

Asiyetokea tunamsubiri dakika mbili, kisha mwenzake anapewa ushindi wa mezani. Aliyekatikiwa na mtandao baada ya kufunga hapotezi kitu, chaguo lake linabaki. Kuna fainali moja simu ya mchezaji ilizima ghafla akiwa tayari amefunga mkasi. Alishinda, akajua alipowasha simu.

Nirudi kwa mteja wetu wa wiki hii. Kila mtupo tunautunza na sekunde zake, na yeyote akiomba tunamtumia. Tumemtumia wa kwake: mpinzani alifunga sekunde ya 4, yeye sekunde ya 11. Ile karatasi ilikuwa imeshalala pale sekunde saba kabla jiwe halijafika.