Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuhama Idara si Kuanza Upya

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka mbele ya mkutano huu wa wauguzi hapa Moshi. Hesabu atazieleza mweka hazina, nami sitazigusa. Muda wangu nautumia kwa jambo lililojirudia katika vikao vya kamati mwaka mzima, nalo ni hofu ya wanachama wanaohamishwa au wanaotaka kuhama idara kwamba watapoteza yote waliyoyajenga.

Wengi wetu tuliosomea ngazi ya cheti tulikuzwa tukiamini kwamba muuguzi ana njia moja tu: wodi, kisha ufawidhi wa wodi, kisha ofisi ya metroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali. Ni njia ya heshima, lakini si ya pekee. Shahada ya uuguzi ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 1988, na hapa kwetu KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali na pia mahali pa kufundishia, kwa hiyo aliyeanza kwa kusafisha vidonda anaweza baadaye kutoa dawa ya usingizi, kufundisha darasani au kushiriki utafiti bila kuhama mji huu.

Naomba niseme lililonipata mimi. Nilitolewa wodi ya upasuaji nikapelekwa kwa watoto wachanga, katika hospitali nisiyoitaja, kwa barua niliyopewa asubuhi na kutakiwa kuingia zamu usiku uleule, bila mtu wa kunielekeza. Nilisimama mbele ya mtoto njiti, mikono iliyozoea vidonda vya watu wazima ikawa mizito, na ni mkunga wa zamu aliyekaa nami mpaka alfajiri akinionyesha namna ya kumlisha mtoto kwa mrija. Haikuwa haki kwangu, na zaidi haikuwa haki kwa mtoto yule. Hata hivyo, wiki chache baadaye niligundua kwamba jicho nililolipata upasuaji, la kumtambua mgonjwa anayebadilika kabla hajazidiwa, lilikuwa limekuja nami.

Ndiyo maana kamati haikuandika barua ya kupinga uhamisho. Tuliomba kila anayehamia idara mpya apewe siku za kuelekezwa kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake. Baadhi ya viongozi wa vituo wamekubali, wengine hawajajibu, nasi tutarudi kwao. Tumefungua pia daftari la wanachama walio tayari kumpokea mwenzao na kumfundisha kazi: afya ya akili, chumba cha upasuaji, kliniki ya mama na mtoto, na tiba shufaa ya majumbani, yaani kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito, ambako mwenzetu mmoja aliyekuwa mkunga kwa miaka mingi sasa anawahudumia wagonjwa wa saratani kwa utulivu uleule aliokuwa nao chumba cha kujifungulia.

Kwa wanachama wanaokaribia miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, nasema kwa moyo wote kwamba tunawahitaji katika daftari hili kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa vijana, nasisitiza mafunzo endelevu yasingoje leseni ikaribie kuisha, wala vyeti vyake visiachwe kabatini, kwa kuwa ndivyo vinavyoombwa nafasi ya idara nyingine inapotangazwa.

Daftari liko kwa katibu, na litakuwa mezani pake hadi mkutano utakapofungwa leo jioni.