Wito wa Harambee: Tuwape Wanafunzi Vifaa vya Kupima Sumu ya Metali Majini

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu wa shule yetu na wote wenye mapenzi mema,

Klabu ya Sayansi inaomba mkono wenu. Wanafunzi wanataka kupima maji ya bahari kwa kutumia mwani, na maabara yetu haina vifaa vya kazi hiyo.

Mashine hutaja kiasi cha shaba, zinki au risasi kilichomo majini, lakini haisemi kama kiasi hicho kinadhuru viumbe. Metali ikishanaswa na tope au mabaki ya mimea, makali yake hupungua. Mwani hufyonza kupitia mwili wake wote, hivyo huonyesha madhara yenyewe. Shaba ndiyo inayotuhangaisha zaidi, maana imo katika rangi nyingi zinazopakwa matumbo ya boti ili viumbe visiote, nayo huvuja majini kidogo kidogo.

Kipimo chenyewe ni cha kuvutia mno. Unachukua Ulva, mwani wa kijani mwembamba kama karatasi, unakata viduara vidogo pembezoni mwake, unaviweka ndani ya maji unayoyachunguza, chini ya taa, kwenye nyuzi 15 hadi 20. Maji yakiwa salama, baada ya siku chache kiduara hukoza rangi ya zeituni spora (chembe za uzazi za mwani) zinapokomaa, kisha huwa cheupe zikishatoka. Kikibaki kijani, uzazi umezuiwa. Wengi wangedhani kijani ndiyo dalili njema. Hapa ni kinyume kabisa! Njia hii ina kiwango cha kimataifa, ISO 13308 cha mwaka 2017, na matokeo yake mwanafunzi huyaona kwa macho.

Tunahitaji kabati la kudhibiti joto, taa, hadubini, kipima chumvi na sahani za kioo. Kabati ndilo ghali kuliko vyote, na hatuwezi kuliacha: joto likipanda, mwani hudhoofika wenyewe nasi tutaisingizia metali. Tena, mwani hautaji ni metali gani iliyoudhuru, kwa hiyo sehemu ya mchango italipia sampuli chache zipelekwe kwenye maabara kubwa.

Mwenye hadubini isiyotumika, tutaipokea kwa furaha. Mtaalamu wa kemia anayeweza kukaa na wanafunzi, karibu sana. Fedha zikabidhiwe kwa mhasibu wa shule, naye atatoa stakabadhi papo hapo. Orodha ya vilivyonunuliwa itabandikwa mlangoni mwa maabara, na matokeo ya kila kipimo yatasomwa kwenye mkutano wa wazazi, yawe mazuri au mabaya.