Kindi wa Pugu watakula nini?

Mhariri,

Juzi asubuhi hapa Pugu nilimtazama kindi juu ya mkungu wa jirani. Alishika kungu kwa miguu ya mbele, akaligeuzageuza, akalitafuna mpaka kwenye kokwa, maganda yakidondoka juu ya bati. Kesho yake mti ule ukakatwa kupisha fremu za maduka. Imeniuma sana.

Watu wanasema kindi watahamia kwingine. Wakale nini? Kule Kanada, kwenye misitu ya misprusi, jamaa ya misonobari, iko miaka ambayo mbegu hufurika na miaka ambayo ni haba mno. Watafiti walionyesha mwaka 2006 kwamba kindi wekundu wa huko huzaa watoto wengi zaidi kabla hata mbegu za mwaka wa neema hazijakomaa. Zikikosekana, idadi yao hushuka.

Kindi wetu wa pwani hawana misprusi. Wanategemea matunda na kokwa za miti ya aina nyingi. Nawaomba wanaopima viwanja waiache mikungu na miembe ya mipakani. Mtaani kwetu imebaki mitatu tu.

Msomaji wako,
Pugu, Dar es Salaam