Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuliacha somo la ubongo

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako niliusoma gatini asubuhi nikingojea boti ya Mokowe, nikausoma tena njiani hadi rasharasha za maji zikalowesha simu. Umeniambia umepata kumi na moja kwa thelathini katika jaribio la kwanza la saikobaiolojia, hilo somo la ubongo na tabia, na kwamba wiki ijayo ndiyo mwisho wa kubadilisha masomo. Halafu ukasema neno ambalo limenikaa kifuani siku nzima: kwamba wewe ulikwenda chuo kuwasomea watu, hukwenda kusomea chumvi.

Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Vijana kadhaa wa hapa Lamu wameshaniuliza habari za somo hili, na kila mmoja nilimjibu nusunusu, kwa haraka, tukiwa tumesimama njiani huku tukiwapisha punda.

Mimi katika jaribio lile nilipata tisa. Sikuwahi kukwambia. Nilikuwa nimehifadhi kila kitu kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu kabla hajaambiwa maana: hizo chumvi zako, sodiamu nje ya seli, potasiamu ndani, na umeme wa milivolti sabini chini ya sifuri. Swali lilipogeuzwa kidogo tu, nikabaki naitazama karatasi. Mwalimu wetu alikuwa akisoma kutoka ukutani, slaidi moja baada ya nyingine, na ukiinua mkono anakwambia hilo litakuja mbele. Halikuja.

Kilichonifungua macho ni ngisi. Nilirudi likizo, nikamkuta mama jikoni ana ngisi wa kilo mbili, akanipa kisu. Katika ile slaidi ya tano au ya sita tulikuwa tumeambiwa kwamba Hodgkin na Huxley, Waingereza wawili, waligundua namna mshipa wa fahamu unavyopeleka habari kwa kuupima uzi wa neva wa ngisi. Makala zao kubwa zilitoka mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Nobeli. Mimi nilidhani ni jitu la ngisi la baharini mbali huko. Kumbe ni ngisi wa kawaida tu, ila uzi wake ndio mkubwa: unaweza kufika unene wa milimita moja, ilhali nyuzi zetu nyingi sisi ni nyembamba mara mamia hata elfu. Ni uzi ule unaomwamrisha abane mwili wote kwa pamoja na kutema maji, akafyatuka kinyumenyume.

Basi sikumkata vipande. Nilimpasua kwa urefu, nikamfunua kama kitabu, nikamsuuza taratibu. Upande wa ndani wa nyama, karibu na shingo, kuna kifundo kidogo cheupe, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kutoka hapo nyuzi zinatawanyika kama miale ya nyota. Niliuinua mmoja kwa ncha ya sindano ya mama ya kushonea. Unang'aa, unavutika kidogo, kisha unakatika. Mama akauliza kama nimepoteza kitu ndani ya ngisi. Nikamwita aje aone. Amekula ngisi maisha yake yote na hajawahi kukiona kifundo kile.

Hapo ndipo ile chumvi ikaacha kuwa chumvi ya karatasini. Maji yaliyo nje ya seli yamejaa sodiamu, kama bahari. Ndani potasiamu ndiyo nyingi. Kwenye ngozi ya seli kuna pampu zinazofanya kazi usiku na mchana kama mabaharia wanaokumba maji chomboni: kila zamu zinatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Kazi yote ile ni ya kujiweka tayari. Ikija amri, vijilango vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, umeme wa sehemu ile unageuka kutoka hasi kuwa chanya kwa muda kama wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, nayo sehemu hiyo inaiamsha sehemu ya jirani yake, na jirani anamwamsha jirani. Ndivyo kidole chako kinavyosogea.

Na bunju unamjua. Mvuvi yeyote wa hapa akimvua humtupa, na mtoto akimgusa huambiwa akanawe. Sumu yake huziba vijilango hivihivi vya sodiamu. Mtu aliyemla huanza kwa ganzi ya midomo, kisha viungo vinalegea, kisha misuli ya kuvuta pumzi inakosa amri, na mara nyingi akili yake bado ni timamu, anasikia kila neno linalosemwa kitandani pake. Wazee wetu walijua matokeo. Somo lako linakuonyesha mlango ulioziba. Ukilitazama hivyo, hiyo chumvi ndiyo watu wenyewe unaotaka kuwasomea.

Sasa nikwambie kuhusu Babu, maana ndiye aliyenifanya nisiliache somo.

Unakumbuka alipoanguka, ulikuwa darasa la pili. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakapotea. Likabaki neno moja, "basi". Akitaka maji, basi. Akikasirika, basi, basi. Lakini ikifika magharibi alikuwa anaisoma Alhamdu yote, herufi kwa herufi, bila kukwama. Watu wakachanganyikiwa. Wengine walisema ni jini, wengine wakasema mzee ana kiburi, angetaka angesema, si mnamsikia anavyosali? Na sisi wenyewe tulikuwa tunazungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Tulijadili hata kaburi lake.

Wiki ya saba ya somo tulifika kwa Paul Broca, daktari Mfaransa. Mwaka 1861, huko Paris, alimpokea mgonjwa aliyekuwa akiitwa Tan, kwa sababu kila alipojaribu kusema lilitoka neno hilo tu, ingawa aliyaelewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca akautazama ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno pia. Kisha mwalimu akasema, kama anayepita njia, kwamba wagonjwa wa namna hii mara nyingi hushindwa kuomba maji lakini huweza kuimba, kuhesabu, au kusoma dua walizozihifadhi tangu utotoni.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi nikalia. Naamini Babu alikuwa akitusikia miaka miwili yote.

Na katika nyumba nzima ni wewe tu uliyejua la kufanya. Ulikuwa unampelekea vidole: kimoja chai, viwili kahawa, naye anakishika anachokitaka kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekufundisha. Nilipokuwa pale kwenye ngazi nilikiona kile kidole chako kidogo.

Umeniuliza pia kama ni kweli wanafundisha kwamba mtu ni ubongo tu, na kama imani yako itabaki. Mimi nililala macho wiki mbili kwa swali hilo. Nijuavyo, somo linakwambia jinsi amri inavyofika mkononi; roho ni jambo la Mola, na hakuna mtihani niliofanya ulionitaka niikane. Usiogope kuuliza darasani, na usikubali kuchekwa kwa kuuliza.

Kuhusu majina ya sehemu za ubongo: usiyahifadhi yakiwa mawe. Hipokampasi ni farasi wa baharini kwa Kigiriki, kwa umbo lake. Amigdala ni lozi. Waliyaita kwa walichokiona mezani, kama na sisi tungefanya. Na acha kusoma ukipaka rangi mistari. Funga daftari, chora seli nzima kwenye karatasi tupu, kisha fungua uone ulichosahau. Mimi nilichora mara nyingi sana kabla ya mtihani wa mwisho. Kahawa ya saa sita usiku nayo punguza: inamzibia njia mjumbe wa uchovu, uchovu wenyewe unabaki palepale, nawe unaukosa usingizi ambao ndio unaokaza ulichosoma.

Ile fomu ya kubadilisha masomo usiitie saini kabla hatujazungumza. Nipigie kesho baada ya isha, uwe na karatasi tupu na penseli. Unichoree, huku unanieleza kwa maneno yako, kinachopita kwenye uzi wa ngisi anapoona kivuli cha mtumbwi.

Dada yako