Losheni ya jua haipimwi kwa kuhesabu viambato

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni kwenye ukurasa wenu wa afya na urembo. Mwandishi aliweka bega kwa bega losheni ya kukinga jua na losheni ya kulainisha ngozi, akaorodhesha viambato vya kila moja kwenye jedwali, akatia alama ya tiki pale vilipofanana, kisha akahitimisha kwamba kwa kuwa zaidi ya nusu ya viambato ni vilevile, msomaji anaweza kuzichanganya nusu kwa nusu kiganjani na kupata faida za zote mbili kwa mpako mmoja. Kazi yangu ni kutengeneza krimu na losheni katika maabara ya vipodozi, na nakiri kwamba jedwali lenyewe lilinifurahisha, maana ni nadra gazeti kuwahimiza wasomaji wasome nyuma ya chupa badala ya mbele. Hitimisho ndilo lililonisukuma kuandika.

Kufanana kule si jambo la ajabu. Losheni yoyote, iwe ya jua au ya usiku, ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja. Maabara tunapasha moto vyombo viwili, kimoja cha maji yenye glisirini na kingine cha mafuta na nta, hadi nyuzijoto 70 na ushei, kisha tunamimina kimoja ndani ya kingine huku mashine ikikoroga kwa kasi. Kiunganishi, ambacho upande wake mmoja huvutwa na maji na mwingine na mafuta, huzuia matone yasiachane. Mchanganyiko ukishapoa ndipo huingizwa kihifadhi cha kuzuia bakteria na kuvu, pamoja na manukato ikiwa yamekusudiwa. Kwa hiyo maji, glisirini, dimethikoni (aina ya silikoni), fenoksiethanoli (kihifadhi) na alkoholi ya setearili (ambayo ni nta nyeupe ya kulainisha na haikaushi ngozi kama spiriti) utavikuta pande zote mbili. Hivyo ni viambato vya kuijenga losheni, na vingi kati yake si vile vinavyofanya kazi ambayo mnunuzi ameifuata dukani. Jedwali la tiki linavihesabu vyote kwa uzito mmoja.

Uzito huo, hata hivyo, unaweza kukadiriwa. Kanuni inayofuatwa Ulaya na Marekani ni kwamba viambato vya kipodozi hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, lakini mpangilio huo unakoma kwenye asilimia 1: vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo, na rangi huweza kuwekwa mwishoni kabisa bila kujali kiasi chake. Lebo haimwonyeshi msomaji mpaka huo uko wapi. Sisi tulio kazini huutafuta kwa kuangalia fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho sheria za Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1. Kila kinachotajwa baada yake, ukiacha rangi, kina asilimia 1 au pungufu. Majani na maua yanayopamba sura ya chupa mara nyingi huwa yamejipanga nyuma ya kihifadhi hicho, na mwenye kusoma huona mara moja kwamba yamewekwa kwa ajili ya picha.

Kwa losheni ya kulainisha, usomaji wa namna hiyo unafika mbali, na hapa naungana na mwandishi wenu kwa moyo wote. Viambato vinavyofanya kazi ndani yake ni vya makundi matatu. Kundi la kwanza huvuta maji na kuyashikilia kwenye tabaka la nje la ngozi: glisirini, yurea, asidi ya hayaluroniki, sorbitoli. La pili hujaza nafasi zilizo kati ya seli kavu ili ngozi iwe nyororo, nalo lina mafuta ya mimea, skwaleni na asidi za mafuta. La tatu hufunika juu ili maji yasitoke kama mvuke, na humo bingwa ni yale mafuta ya mgando ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872 na ambayo hadi leo hayajapata mpinzani wa kweli katika kazi ya kuziba. Mtu mwenye ngozi iliyopasuka visigino anatafuta yurea na kitu cha kufunika. Mwenye uso wenye mafuta mengi anaweza kuridhika na glisirini na dimethikoni nyepesi. Seramidi nazo zina nafasi yake, kwa sababu ni sehemu kubwa ya mafuta ya asili yanayoshikilia tabaka la nje la ngozi.

Kiasi kina maana kubwa katika kundi la kwanza hasa. Yurea ya asilimia 10 au chini yake hulainisha na kuvuta maji, ilhali ile ya asilimia 20 hadi 40 huanza kulegeza na kumenya ngozi ngumu, jambo linalofaa kwa kisigino lakini si kwa shavu. Asidi ya hayaluroniki, kwa upande mwingine, huwekwa kidogo sana hata pale inapofanya kazi ipasavyo, kwa kuwa ikizidi huifanya losheni iwe nzito na yenye kunata. Kwa hiyo kuikuta mkiani mwa orodha si ushahidi wa udanganyifu. Nasema hivi kwa sababu makala yenu iliilaumu bidhaa moja kwa kosa ambalo si kosa.

Tukija kwenye losheni ya jua mambo yanageuka, na hapa ndipo jedwali la viambato linapoishiwa nguvu. Kinachofanya kazi humo ni vichujio vya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani oksidi ya zinki na dioksidi ya titani kwa upande wa madini, na avobenzoni, oktokrileni, homosaleti na wenzao kwa upande wa vile vinavyoitwa vya kemikali. Mgawanyo huo umezaa dhana kwamba madini huakisi jua kama kioo na kemikali hulinyonya. Ukweli ni kwamba madini nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kunyonya miale, na kinachoakisiwa ni sehemu ndogo tu. Madini yanatofautiana na vichujio vya kemikali kwa jinsi yanavyokaa juu ya ngozi, kwa weupe yanaouacha, na kwa kuvumiliwa vizuri na ngozi zinazowashwa upesi.

Tuseme basi chupa mbili zote zina oksidi ya zinki ya asilimia 15. Je, kinga yake ni sawa? Si lazima. Unga wa zinki hupenda kujikusanya. Ukiutia kwenye mafuta bila kuusaga na kuusambaza vizuri, kisha ukapaka tone kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, utaona madonge meupe yametawanyika na kati yake nafasi tupu, na miale hupenya katika nafasi hizo. Unga uleule, kwa kiasi kilekile, ukisambazwa sawasawa huacha utando usio na mapengo. Orodha ya viambato ya losheni hizo mbili inaweza kufanana neno kwa neno. Vilevile avobenzoni, ambayo ni kinga nzuri dhidi ya miale ya UVA (urujuanimno unaopenya ndani zaidi ya ngozi), huvunjika inapopigwa na mwanga isipokuwa imepewa mwenza wa kuituliza, na mwenza anayetumika sana ni oktokrileni, ambayo jedwali lenu liliiweka kwenye safu ya “viambato vya ziada”. Ikiondolewa bila kuwekwa mbadala, losheni ileile hudhoofika mtu akiwa bado yuko juani.

Ndiyo maana kinga hupimwa kwenye ngozi za watu wa kujitolea na si kwa kusoma fomula. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye chupa, hupatikana kwa kulinganisha kiasi cha miale kinachoifanya ngozi iliyopakwa ianze kuwa nyekundu na kiasi kinachoifanya hivyo ngozi isiyopakwa, losheni ikiwa imepakwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale inayounguza, SPF 30 asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98. Namba hiyo inahusu zaidi UVB, urujuanimno unaounguza ngozi. Kwa UVA, ambayo hupenya hata kioo cha dirisha, mnunuzi atafute herufi hizo ndani ya duara, alama inayotumika Ulaya kuonyesha kwamba kinga ya UVA haipungui theluthi moja ya SPF iliyoandikwa. Hata vipimo vyenyewe vinahitaji kukaguliwa: mwaka 2025 shirika la watumiaji la CHOICE nchini Australia lilipeleka maabara losheni 20 za jua, na 16 kati yake hazikufikia SPF iliyochapishwa kwenye chupa. Hakuna jedwali la viambato ambalo lingeweza kuligundua hilo.

Makala iligusia pia hofu kuhusu vichujio vinavyoingia kwenye damu. Ni kweli kwamba watafiti wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, walionyesha mwaka 2019 kuwa avobenzoni, oksibenzoni na oktokrileni hufika kwenye damu kwa kiasi kinachozidi kile ambacho chini yake mamlaka hiyo haidai vipimo zaidi. Walichotaka ni vipimo hivyo vifanywe. Hawakuwaambia watu waache kujipaka. Asiyependa kusubiri majibu ana zinki na titani, ambazo mamlaka hiyo katika pendekezo la mwaka huohuo ilizitaja kuwa salama na zenye kufanya kazi.

Jambo moja halikuguswa kabisa, nalo linawahusu wasomaji wengi wenye ngozi nyeusi. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hutupatia kinga ya asili dhidi ya kuungua, ingawa si kamili, lakini madoa meusi ya usoni huweza kuchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao vichujio vingi havina habari nao. Kiambato kinachosaidia hapo ni oksidi ya chuma, ile inayoipa krimu rangi ya kahawia na ambayo pia hupunguza ule weupe wa zinki. Kwenye lebo huandikwa kwa namba CI 77491, 77492 na 77499, na kwa kuwa inahesabiwa kuwa rangi, huwa mwishoni mwa orodha hata ikiwa nyingi. Anayefuata kanuni ya “kilicho mwisho hakina maana” ataiacha bidhaa iliyokuwa inamfaa zaidi. Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa, swali si la madoa bali la saratani, na kwao namba ya SPF iliyo juu pamoja na nguo ndefu na kofia pana ni lazima.

Nirudi kwenye losheni za kulainisha zilizotiwa vichujio, ambazo makala ilizitaja kama uthibitisho kwamba mchanganyiko unawezekana. Hizo zimepimwa zikiwa bidhaa moja, na SPF 30 yake ni SPF 30 ikiwa mtu atapaka kiasi kilekile. Sizidharau. Katika utafiti maarufu wa Nambour, Queensland, nchini Australia, ulioanza mwaka 1992, losheni iliyotolewa ilikuwa ya SPF 16 tu, na waliopangiwa kuipaka kila siku walipata aina moja ya saratani ya ngozi, ile ya seli bapa, kwa kiwango pungufu kwa takriban asilimia 40. Shida ya losheni hizo ni mkono wa mpakaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha mwaka 2019 picha za urujuanimno za watu waliojipaka usoni: waliotumia losheni ya kulainisha yenye SPF waliacha takriban asilimia 17 ya uso bila kinga, hasa kwenye kope, wakati kwa losheni ya jua ilikuwa asilimia 11. Zaidi ya hayo, nyingi hazikutengenezwa kuhimili jasho, na ni wachache wanaorudia kupaka kilainishi kila baada ya saa mbili.

Kuchanganya kiganjani ni jambo jingine kabisa. Losheni ya SPF 50 ikichanganywa nusu kwa nusu na kilainishi haitoi SPF 25 inayoweza kutegemewa. Vichujio vinapungua, mafuta mageni yanaweza kuuvuruga ule utando niliouelezea, na hakuna aliyepima kilichobaki. Utaratibu unaofaa ni kupaka kilainishi kwanza, kukiacha kinywee, kisha kupaka losheni ya jua juu yake kwa wingi, robo saa hivi kabla ya kutoka nje.

Ikiwa mtachapisha jedwali jingine, nashauri viambato vya losheni ya kulainisha vipangwe kwa kazi zake tatu pamoja na nafasi yake kabla au baada ya fenoksiethanoli, na kwa losheni ya jua mtaje vichujio, SPF, alama ya UVA na muda wa kuhimili maji. Marekani, ambako losheni ya jua inahesabiwa kuwa dawa, hata asilimia za vichujio huandikwa kwenye chupa, kwa hiyo kwa bidhaa za huko safu hiyo nayo inaweza kujazwa. La haraka zaidi ni ile sentensi ya kuchanganya nusu kwa nusu, ambayo naomba isahihishwe katika toleo lijalo, kwenye ukurasa uleule ilipotokea.

Wako,
Mtengenezaji wa vipodozi na msomaji wa gazeti lako