Mjadala wa GMO usiisahau insulini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa viumbe vilivyobadilishwa jeni (GMO), ambao hapa Kenya haukutulia Serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo mwaka 2012, wala haukutulia Baraza la Mawaziri lilipoiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022. Wanaopinga na wanaounga mkono huzungumzia mahindi tu, kana kwamba teknolojia hii ingali mlangoni inabisha hodi, ilhali imekwisha kuingia hadi katika jokofu la mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, insulini ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Ya nguruwe hutofautiana na ya binadamu kwa asidi amino (vipande vinavyounda protini) moja tu kati ya 51, na ya ng'ombe kwa tatu, kwa hiyo ilifanya kazi, ingawa kuna wagonjwa ambao miili yao iliikataa, na kwa Muislamu palikuwa na swali jingine ambalo wasomaji wako wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California walionyesha kwamba plasmidi, yaani kipete kidogo cha vinasaba ambacho bakteria hubeba kando ya kromosomu yake na huweza kumpa mwenzake, inaweza kukatwa, ikapachikwa jeni ngeni, ikaungwa tena na kurudishwa ndani ya bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli, naye akainakili kila anapogawanyika. Kimeng'enya walichokatia, ambacho huzitafuta herufi za vinasaba GAATTC na kukata hapo tu, nacho kilitoka kwa bakteria, na vimeng'enya vya aina hiyo viligunduliwa na watu waliokuwa wakichunguza jinsi bakteria wanavyojikinga na virusi, wala kisukari hakikuwamo katika mawazo yao. Kufikia 1978 minyororo miwili inayounda insulini ya binadamu ilikuwa imetengenezwa ndani ya bakteria, kila mmoja peke yake, kisha ikaunganishwa maabarani. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha dawa hiyo iuzwe.

Yafaa ikumbukwe kwamba waliotangulia kuogopa ni watafiti wenyewe. Mwaka 1974 waliombana wasitishe kwa hiari baadhi ya majaribio, na Februari 1975 wakakutana Asilomar, California, wakakubaliana kwamba kadiri hatari inavyokuwa kubwa ndivyo kizuizi cha maabara kinavyopaswa kuwa kikali, na kwamba watumiwe bakteria dhaifu wasioweza kuishi nje. Swali lao kuu lilikuwa kiumbe huyu atakaa wapi na je, anaweza kutoroka, na hilo ndilo silisikii katika mikutano yetu. Bakteria wa insulini hulelewa katika matangi yaliyofungwa na hafiki kwa mgonjwa. Kinachofika ni protini iliyosafishwa. Pamba ya Bt, ambayo Kenya iliiruhusu kulimwa Desemba 2019, ina jeni ya bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, inayoifanya itoe sumu ya kuua viwavi, lakini yenyewe huota shambani, chavua yake huchukuliwa na wadudu, na viwavi wanaweza kuizoea sumu yake, kama ilivyotokea India kwa funza wa pamba wa rangi ya waridi. Sisemi pamba hiyo ni mbaya. Nasema mtu hawezi kuitetea kwa kutaja insulini, wala hawezi kuishutumu kwa maneno yatakayomfanya mgonjwa aiogope sindano yake.

Kisha kuna suala la umiliki, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Mwaka 1980, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba bakteria aliyetengenezwa na mtafiti Ananda Chakrabarty anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Escherichia coli hula sukari na, katika hali nzuri, huongezeka maradufu kwa takriban dakika 20, lakini wepesi huo haujaifanya insulini iwe ya bei nafuu kwa kila anayeihitaji.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Kilimo, kampuni za mbegu na wanahabari wako, kila wanapotangaza au kuripoti habari ya GMO, waeleze ni kiumbe gani, jeni yake imetoka wapi, kitaishi wapi baada ya kutoka maabarani, na nani ana hataza yake.

Msomaji,
Mombasa