Kuhusu barakoa katika kikao chetu cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Nimesoma maoni yenu kuhusu barakoa, na ni vyema msimamo wa uongozi, kwamba kila mmoja avae barakoa kikaoni, ueleweke kabla hatujakutana. Baadhi yenu mnasema kwamba tangu mwaka 2020 mmeuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bila kufunika uso na hamkudhurika. Hoja hiyo naielewa, lakini virusi vya korona huweza kusambazwa hata na mtu asiye na dalili yoyote, akavipeleka nyumbani kwa mzazi mwenye kisukari bila kujua. Barakoa ya kitambaa humkinga zaidi aliye mbele yako, ndiyo maana hatuwezi kumwachia kila mmoja aamue kivyake.

Tutakaa uani badala ya ukumbini, kwa kuwa penye hewa inayopita maambukizi hupungua. Barakoa ifunike pua na mdomo (ile ya kidevuni, ambayo wengi wetu huipandisha tukifika mlango wa benki, haisaidii). Asiye nayo asirudishwe. Mweka hazina atakuwa nazo chache. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani na atume hisa yake (mchango wa akiba) kwa simu, wala hatatozwa faini ya utoro.

Kujifukiza kwa mvuke hakukatazwi, ila hakuchukui nafasi ya barakoa. Chanjo ya korona iliyozinduliwa nchini Tanzania Julai 28, 2021 ni ya hiari. Mwenye swali aulize kituo cha afya, na tafadhali tusisambaze humu kundini sauti zilizorekodiwa zisizojulikana zimetoka kwa nani.

Kikao kitaanza saa tisa alasiri.

Katibu